Barua ya Mama Mkwe, Bila Makande

Jumatatu, 1 Julai 1974
Shindano! Siku ya Sabasaba, hapa Same, tutasoma insha kuhusu watu wa Upare walioteremka hapa mwaka 1945 kuikataa kodi ya mbiru. Zawadi: baiskeli mpya! Mshindani wangu, Mwalimu Nathanaeli, anapanda milima kuhoji wazee. Maskini. Mimi nitakwenda maktaba, nikae kivulini.

Jumanne, 2 Julai
Nilibeba vitabu vinne vinene. Bibi Priska, mtunza maktaba, kanipokonya vyote. Eti waandishi wake hawakuwepo. Nitafute karatasi ya mtu aliyeyaona mambo kwa macho yake, siku zile zile. Akanisukumia droo ya kadi. Mbegu. Mbolea. Mbuzi. Saa mbili nzima! Nikarudi nyuma: Mbiru! "Barua ya Rahabu wa Mamba kwa dada yake, 1945." Rahabu! Mama mkwe wangu!

Jumatano, 3 Julai
Nimeinakili. Aibu tupu. Anasema alimpelekea mumewe makande huku Same, yakachacha njiani, na alipofika akamkimbia mbwa wa karani. Hiyo nayo historia? Makande nimeyatoa. Mbwa nimemtoa, nikaweka simba wawili. Nikamtungia na hotuba ya kurasa tatu. Mke wangu Lukia anasema mama yake anakuja Ijumaa, nimwulize mwenyewe. Nimemjibu kwamba msomi hutumia maandishi, si porojo za ukweni.

Jumamosi, 6 Julai
Mama mkwe kafika jana. Nilimwamkia shikamoo, nikajifungia chumbani na simba wangu. Leo Nathanaeli kaja na daftari, kakaa naye jikoni asubuhi yote. Amekwisha, yule! Nimempelekea chai kwa huruma.

Jumapili, 7 Julai
Nilisoma kwa sauti ya radi. Nilipofika kwenye simba, mama mkwe akasimama mbele ya umati.
"Mkwe wangu, simba gani? Mimi nilikimbia mbwa!"
Watu walicheka mpaka machozi. Kisha Nathanaeli akasoma habari za makande yaliyochacha, na jinsi mume alivyoyala yote bila neno. Mama mkwe akawa anaitikia kila sentensi. Baiskeli kapewa Nathanaeli; kaipanda palepale, akapita mbele yangu akipiga kengele.

Jumatatu, 8 Julai
Mama mkwe amerudi Mamba bila kuniaga. Lukia hasemi nami. Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona: nilichagua mtu aliye hai. Leo nimerudi kwenye droo za kadi. Natafuta marehemu.