Baba Radi na Viputo Vitupu

Jumatatu, 9 Juni

Mhariri wa gazeti la watoto amepiga simu. Wazazi wanalalamika. Eti Baba Radi, shujaa wa katuni ninayemchora kila wiki kwa jasho langu, hafanani na mzazi yeyote aliye hai. Hajawahi kuosha sahani. Hajui watoto wake wako darasa la ngapi. Nikamweleza kwamba mtu anayeruka juu ya mawingu hana nafasi ya sahani. Hakuelewa. Anataka kurasa mbili za maisha ya familia, zenye maneno yaliyosemwa kweli ndani ya nyumba ya kweli, zimfikie Ijumaa. La sivyo nafasi yangu anapewa yule mama anayechora mboga zinazozungumza.

Mboga! Nimejikaza kisabuni, nikasema hakuna tatizo.

Na kweli hakuna. Kufikia jioni picha zote zimekamilika kwa wino. Baba Radi anapaa. Baba Radi anazuia mafuriko kwa kifua. Adui yake, Bomba Jeusi, amepiga magoti. (Sura ya Bomba Jeusi nimeichukua kwa shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi bomba. Hajui.) Katika kila kisanduku mtoto mdogo amemkumbatia shujaa mguu, kwa upendo. Viputo vya maneno, vile vinavyotoka midomoni mwa wahusika, nimeviacha vitupu. Yangu nimemaliza; sasa familia iseme yanayotakiwa, niyaandike. Kiputo cha mwisho ndicho kikubwa kuliko vyote. Humo itakaa "Baba, umetuokoa!" mara tu mtu atakapoitamka.

Kitinda, mtoto wetu wa mwisho, amegonga mlango wa chumba changu cha kazi. Ana jino linalotikisika, anataka nilione. Nimemwambia baadaye.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza: chupa ya sukari. Kabla mke wangu hajaamka nilikaza mfuniko kwa nguvu zangu zote. Atahangaika, ataniita, nitaufungua kwa vidole viwili, atashangilia. Nikajiweka karibu, penseli sikioni.

Mke wangu aliigonga chupa kitako kwa kiganja, akafungua, akatia sukari kwenye chai, akaniuliza ninasubiri nini jikoni. Anapima macho ya watu kwenye duka la miwani. Nadhani kazi hiyo imemharibu, anaona mno.

Mkono wangu wa kulia umeteguka kwa ule ukazaji. Ndio wa kuchorea! Nimeufunga kitambaa na kusema nilijigonga. Binti yetu mkubwa, tunayemwita Wakili kwa sababu hajawahi kuacha jibu lipite salama, aliuliza nilijigonga wapi, na nini, na nani alikuwepo. Nimemtuma dukani. Kitinda naye akaja na jino lake. Nikamwonyesha kitambaa. Mgonjwa hakagui meno ya watu.

Jumatano, 11 Juni

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mfuniko umenishinda, nimekubali. Leo mafuriko.

Watoto waliporudi kutoka shule nililegeza nati chini ya sinki kwa mkono wa kushoto. Maji yakaanza kuchuruzika vizuri, si mengi, ya kumtosha shujaa mmoja. Nikakimbilia chumbani kuvaa joho. Joho ni pazia la dirishani. Bila joho mchoraji hawezi kujua kivuli kinaangukaje.

Pazia lilinigomea kwenye ndoano. Nilipotoka nalo, shemeji alikuwa keshalala chali chini ya sinki. Anakaa nyumba ya pili, na Wakili alikuwa amekimbia kumwita. Alikaza nati kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kipande cha mkate. Kisha akasema, bila kumlenga mtu, kwamba nati haijilegezi yenyewe. Hii imelegezwa kwa spana isiyo saizi yake, na mtu aliyetumia mkono asiouzoea, maana mikwaruzo yote imekwenda upogo. Wote wakatazama kitambaa changu. Halafu wakatazama pazia. Wakili akauliza mbona nimelivaa.

Shemeji akaniomba nimshikie tochi. Mimi! Nikashika. Akaniambia nisiitikise. Kitinda alichuchumaa, akaingiza mdomo wazi kwenye ule mwanga, akasema sasa Baba unaweza kuliangalia jino vizuri. Nikamwambia baadaye, mwanga una kazi. Shemeji aligeuza shingo huko huko alikolala, akaliona yeye, akasema limebakiza uzi tu. Hakuna aliyemuuliza.

Alhamisi, 12 Juni

Viputo bado vitupu. Maji yamenifika shingoni, na sisemi yale ya sinki. Nikimpoteza Baba Radi nitakuwa nani humu ndani? Mtu wa kushika tochi.

Mpango wa mwisho, usio na kasoro: kuuficha mkoba wa shule wa Kitinda juu ya kabati. Utatafutwa, machozi yatatoka, nitautoa, na mtoto atasema lile neno bila kufundishwa. Nilipanda kiti, nikajivuta juu na mkoba. Kiti kikaanguka.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wahenga hawakusema lolote kuhusu kabati. Nililala kifudifudi kati ya sanduku kuukuu na dari, uso ukutani, siwezi kugeuka. Niliita kwa sauti ya kawaida. Baadaye si ya kawaida.

Wakaja wote. Wakili aliuliza kama nilipanda kwa hiari yangu. Kitinda alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ghafla kicheko kikakatika, zikazuka kelele nyingine kabisa. Jino limetoka! Niliwasikia wakilipitisha mkono kwa mkono, mke wangu akisema jamani, kadogo hivi, na shemeji, aliyekuja na ngazi, akiomba naye alishike. Mimi nilikuwa natazama ukuta. Rangi yake inabanduka.

Hatimaye wakanikumbuka. Shemeji alinikamata miguu, mke wangu kiuno, nikateremshwa kama godoro. Nilipokanyaga sakafu neno likanitoka: "Mmeniokoa!" Wiki nzima nimelitegea sikio neno la namna hiyo, na aliyelitamka ni mimi. Nimeona haya sana.

Ijumaa, 13 Juni

Mkono umevimba, kalamu haishikiki; haya naandika kwa wa kushoto. Wakili amejitolea kujaza viputo, kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Nilimweleza sharti la mhariri: maneno yaliyosemwa kweli, basi. Akasema yote anayakumbuka. Nikamsihi atumie busara kwenye kile kiputo kikubwa. Akaapa hataongeza hata herufi. Sikuona haja ya kukagua, maana mke wangu alikuwa mlangoni tayari, anapitia ofisi za gazeti akienda kazini. Nilikaa nikiwaza yule mama wa mboga atazipokeaje habari.

Jumatatu, 16 Juni

Mhariri amepiga simu. Mwanzoni hakuweza kuongea. Alikuwa analia, nadhani, maana pumzi zilimkatika na akakohoa sana. Akasema hajawahi kusoma ukweli kama huu, na nafasi ni yangu mwaka mzima. Nimeitangaza mezani wakati wa kula. Wakili hakuinua uso kwenye sahani.

Jumatano, 18 Juni

Gazeti limetoka. Picha zangu ni nzuri kuliko nilivyokumbuka. Baba Radi anapaa juu ya maghorofa, na umati chini unamuuliza: "Mbona umevaa pazia?" Baba Radi anazuia mafuriko kwa kifua, na Bomba Jeusi, magotini, anamwambia: "Shemeji, usiitikise hiyo tochi." Katika kila kisanduku yule mtoto mdogo, mguuni: "Baba, angalia jino." Na Baba Radi, kidole mbinguni, kila mara: "Baadaye." Picha ya mwisho amesimama juu ya mnara, radi mkononi, familia yote inampungia kutoka chini. Anapaza sauti: "Mmeniokoa!"

Nilikasirika mpaka mchana. Shemeji amenunua nakala za kuwagawia wateja wake. Anasema pua imetoka sawasawa. Mke wangu alicheka ukurasa wa kwanza wote. Ukurasa wa pili akaacha kucheka. Akaniuliza kama lile jino nimeshaliona. Nikamwambia lilitoka nikiwa na udhuru. Akasema limo ndani ya kikombe juu ya friji, siku zote hizi, na kwamba lililo jirani yake nalo limeanza kucheza.

Alhamisi, 19 Juni

Nimetafakari kwa utulivu. Somo liko wazi: wasomaji wanapenda meno. Kumbe ni hilo tu!

Nimeanza kurasa mpya, na safari hii picha zenyewe zitasema. Baba Radi anaacha vita katikati. Anatua. Anapiga goti mbele ya mtoto, anamshika kidevu, anaangalia ndani ya mdomo kwa muda mrefu, kama hana kazi nyingine duniani. Hakuna "baadaye" hata moja. Ni picha bora niliyowahi kuchora. Nakiri machozi yalinilengalenga, ikabidi niusogeze wino. Taabu ni moja: sijui pengo liko upande gani. Nimekisia kushoto.

Kitinda anagonga mlango. Anasema jino la pili linaning'inia, Baba njoo uone. Nimemwambia baadaye, niko kazini.