Kamati ya Kibomet Bado Inaketi

Kwa mamlaka niliyopewa na Idara ya Maji ya Kanda ya Mlima, nina furaha ya kiserikali kutangaza kwamba maji yamefika Kibomet. Yamefika na yamekataa kuondoka. Idara haikupanga hivyo, na ndiyo maana nimetakiwa kutoa maelezo.

Mimi ni Wakhungu, Mkurugenzi wa Majibu. Kuna watu wanaodhani kazi ya idara ya maji ni maji. Hao hawajawahi kuajiriwa serikalini. Maji yana fundi na spana. Majibu yana ofisi ya ghorofani hapa Kitale mjini, yana zulia, na yana mtu wa kuniletea chai. Waheshimiwa wa Bunge la Kanda wakituuliza swali kuhusu huduma zetu, mimi hulijibu mpaka swali lenyewe lichoke lirudi nyumbani. Mwaka jana waliuliza, "Mbona mifereji ya Kibomet haina maji?" Nikajibu, "Mheshimiwa Spika, mifereji ipo." Bunge zima likapiga meza. Walipouliza tena, niliwaambia suala liko katika hatua za mwisho. Wala sikudanganya, maana limekuwa katika hatua hizo tangu niajiriwe.

Nieleze pia utaratibu wetu wa Maji ya Wageni, kwa sababu kuna watu wenye midomo ambao huuita usanii. Bomba la Kibomet hufunguliwa wakubwa wanapokuja kutembelea mtaa, na hufungwa wakishaingia kwenye magari yao. Huko ni kuhifadhi rasilimali. Wakazi wamezoea kabisa. Mtu wa Kibomet akifungua mfereji akaona maji, hashangilii hata kidogo. Anauliza, "Nani anakuja?" Halafu anakimbilia mitungi.

Sasa, kando ya mfereji mkuu wa Kibomet kuna hoteli ya mama mmoja aitwaye Khairunisa. Ukisikia hoteli usifikirie lifti. Ni mabati, benchi, chai, chapati na maharagwe. Afisa wa afya alikuwa amempa amri: jiko lisipokuwa na maji ya mfereji kufikia Ijumaa, hoteli ifungwe. Mama akapanda ngazi hadi ofisini kwangu.

"Mkubwa," akaniambia, "serikali inataka niwe na maji. Na maji ni ya serikali hiyo hiyo. Sasa mimi niyatoe wapi, nitapike?"

Nikamfafanulia kwa upole kwamba hizo ni idara mbili tofauti, na idara hazisemezani ovyo ovyo.

"Kuna watoto wanapita kwangu asubuhi kunywa chai kabla ya shule. Wangu na wa majirani. Nikifunga, ndio basi. Wallahi sina kingine, mkubwa. Sina!"

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Niliguswa sana. Nikampa jibu.

Wiki hiyo hiyo ikaja habari mbaya. Kamati ya Bunge, chini ya Mheshimiwa Gladwell, ilikuwa imeamua kuketi Kibomet kwenyewe, siku ya Jumatano, na ilitaka kumhoji Waziri wetu ana kwa ana. Waziri wetu ni Mheshimiwa Kipchirchir. Ni mtu mkakamavu, ila siku za maswali afya yake huwa dhaifu. Hakuwa amewahi kukanyaga mbele ya kamati. Hata sura za wabunge hazijui. Huwajua kwa sahihi zao.

Nilijifungia ofisini nikachapa kazi. Kwanza nilitunga agizo, Waziri akalitia sahihi bila kulisoma, kama inavyostahili: maji ya Kibomet yafunguliwe kamati inapoketi, na yasifungwe mpaka mwenyekiti aliyefungua kikao akiahirishe. Nikamwita fundi nikamkazia macho. "Usifunge hata ukiambiwa na nani," nikamwambia. "Hata na mimi."

Kisha nikawajulisha waheshimiwa kwamba kikao kimehamishiwa Bungoma, katika hoteli moja tulivu ya Kanduyi, na kwamba kutakuwa na kuku wa kienyeji. Kuku wa Bungoma hajawahi kukosa akidi. Hesabu yangu ilikuwa kwamba wao wakae huko wale, na Waziri afanye mazoezi Kibomet asubuhi, halafu atue Kanduyi mchana, wakati mwenye swali ameshalisahau na mwenye kulikumbuka amesinzia.

Mazoezi yalihitaji wabunge. Nikawachukua wakazi wa Kibomet kwa soda na mkate. Khairunisa nikampa uenyekiti, kwa kuwa ukumbi wenyewe ulikuwa hoteli yake. "Uliza tu kama mbunge," nikamwelekeza.

"Mbunge huulizaje?"

"Anauliza, halafu anashukuru."

Je, nilimwambia Waziri kwamba ni mazoezi? La. Mtu akijua ni mazoezi hatoi jasho, na mazoezi bila jasho ni mkutano wa kawaida.

Jumatano asubuhi Khairunisa akafungua kikao kwa kugonga meza na mti wa kusukumia chapati. Fundi akaarifiwa kamati imeketi. Mfereji ukakohoa, ukatema kutu, ukamwaga maji safi ndani ya sufuria. Mtaa mzima ukasikika ukiuliza, "Nani anakuja?" Pembeni alikaa jamaa mmoja mkimya, amevaa tai, ana kinasa sauti mezani. Nilidhani ameletwa na Khairunisa. Khairunisa alidhani nimemleta mimi. Jamaa huyo akamwapisha Waziri kwa sauti nzito hata nikajisemea, huyu naye anajua kuigiza, bana.

Waziri Kipchirchir aliinama mbele ya Khairunisa na leso yake ya jikoni. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwanza nikupongeze kwa uongozi wako shupavu."

"Asante. Huu mfereji kwa kawaida una nini ndani?"

"Swali zuri sana. Kama unavyofahamu, Mheshimiwa Mwenyekiti, serikali yetu sikivu..."

"Waziri, nimeuliza mfereji."

Nikampenyezea jibu. Akalisoma kwa madaha. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mifereji ipo."

Hapo akasimama Naim, kijana wa bodaboda, ambaye nilikuwa nimempa nafasi ya mbunge wa vijana. Simu yake alikuwa ameiegemeza kwenye chupa ya chai, imemwelekea Waziri. "Hoja ya nidhamu! Buda, mfereji tunauona. Si tunauliza maji? Ama unatuona mafala?"

Waziri akaninong'oneza, "Wakhungu, huyu ni mbunge wa wapi?"

"Wa vijana, mheshimiwa."

"Anaonekana."

Khairunisa hakucheka. Alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono miwili. "Leo maji yako. Jana hayakuwa. Juzi hayakuwa. Ijumaa mimi nafungiwa. Sasa nataka mtu mmoja tu wa serikali aniambie ukweli, mmoja tu, kisha nilale. Ijumaa maji yatakuwako ama hayatakuwako?"

"Suala hilo, Mheshimiwa Mwenyekiti, liko katika hatua..."

"Umeapa, Waziri!"

Salaale! Sijui ni lile joto la jiko ama ni nini. Waziri alilegeza tai. Akatazama mfereji, akanitazama mimi, na mimi nikatazama dari. Basi akafanya jambo ambalo halimo katika mwongozo wetu wowote. Akajibu.

"Mama, bomba halina ubaya. Tangi limejaa pomoni. Sisi huwa tunafunga tu."

"Mnafunga kwa nini?"

"Sasa tusipofunga," Waziri akauliza kwa mshangao wa kweli, "siku ya ziara tutafungua nini?"

Maharagwe yaliacha kuchemka, au ndivyo nilivyohisi. Kisha mtu wa nyuma akaangua kicheko, mwingine akapokea, na dakika si nyingi mabati yalikuwa yanatikisika. Waziri naye akacheka. Alidhani amefaulu.

Ambalo sikulijua ni kwamba simu ya Naim ilikuwa inarusha kila kitu moja kwa moja mtandaoni, na ilionyesha uso wa Waziri peke yake. Kuanzia Kibomet hadi Ndalu watu walikuwa wameacha jembe wakitazama kamati ya Mheshimiwa Gladwell ikifanya kazi. Naye Mheshimiwa Gladwell, kama nilivyokuja kusimuliwa, alikuwa Kanduyi na paja la kuku mkononi simu yake ilipoanza kulia mfululizo.

"Mheshimiwa, umemkaanga!" wapiga kura wakampigia kelele. "Umemkaanga kabisa!"

"Hapana, huyu ni wa kuchemsha," akasema. Ilimchukua muda kuelewa.

Alifika Kibomet mchana, kikao kikiwa bado kinaendelea, magari yakipiga honi, wabunge wenzake nyuma yake wakiwa bado wanajifuta midomo. Akaingia hotelini kama askari wa kanjo anayefukuza wachuuzi. "Nani amekalia kiti changu?"

Khairunisa alikuwa anainuka kumpisha. Lakini yule jamaa wa tai akasimama kwanza, akasalimu kwa heshima. "Mheshimiwa, mimi ni Thuo, karani mpya wa kamati yako, nimeanza kazi leo. Kikao kilifunguliwa kwa wakati, mahali palipotangazwa. Shahidi ameapa. Kila neno nimelinasa."

Kumbe hakuwa mwigizaji! Taarifa ya kumwambia kikao kimehamia Bungoma niliituma mwenyewe, tena kwa njia rasmi ya idara yetu. Mpaka leo haijamfikia.

"Hiki si kikao!" nikapaza sauti. "Haya ni mazoezi! Hawa si wabunge, ni watu!"

Waziri aligeuka akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Mheshimiwa Gladwell alikuwa na njia nyepesi tu: atangaze kwamba kikao ni batili. Lakini akitangaza hivyo, ingembidi aeleze alikuwa wapi kikao batili kikiendelea. Naim alikuwa ameshamgeuzia simu. Nje umati ulikuwa unaimba, "Gladwell simba! Gladwell simba!" Mheshimiwa akapapasa kona ya mdomo, akakuta kipande cha kuku, akakimeza.

"Wananchi," akasema, "hiki ni kikao cha kamati yangu. Mimi nilikuwa nakiongoza kutoka Kanduyi. Huyu mama nilimkaimisha mimi mwenyewe, kwa kuwa namwamini."

Shangwe! Vigelegele! Mimi nikakaa chini juu ya gunia la viazi.

"Na sasa," akaendelea, "ninakiahirisha."

"Samahani, Mheshimiwa," Thuo akasema. "Kwa kanuni zetu kikao huahirishwa na aliyekifungua. Na shahidi haondoki kabla ya kuahirishwa."

Sote tukamgeukia Khairunisa. Alikuwa bado ana ule mti wa chapati. Aliutazama mfereji unavyomwaga, akamtazama Thuo, na nikaona sura yake ikifunguka polepole. Huyu mama alikuwa amelisikia lile agizo la maji kwa masikio yake, kwa sababu ni mimi niliyelisoma kwa kujisifu asubuhi hiyo, nikimweleza jinsi idara inavyofikiria kila kitu.

"Mama," Waziri akambembeleza, "gonga tu hiyo meza twende nyumbani."

"Bado nina maswali," Khairunisa akasema. "Mengi sana. Sijaahirisha. Kaeni mnywe chai."

Nilitoka nje nikampigia fundi. "Funga bomba!"

"Mkurugenzi, uliniambia nisifunge hata nikiambiwa na nani."

"Ni mimi Wakhungu!"

"Ulisema hata na wewe."

Basi kamati inaketi. Mheshimiwa Gladwell hathubutu kuondoka, maana kila jioni watu huja kumpigia makofi na angependa kuonekana. Waziri haruhusiwi kuondoka, maana ni shahidi. Mwenyekiti alitoa uamuzi kwamba shahidi asiyeulizwa kitu kwa wakati huo asikae bure, kwa hiyo Waziri anaosha vikombe. Amewaambia waandishi wa habari kwamba yuko katika ziara ya kikazi. Mimi nilikabidhiwa kazi ya chapati, na maelezo haya ninayatoa nikiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Mitungi ya Kibomet imejaa yote. Kuna mtu amepanda sukumawiki.

Ijumaa afisa wa afya akaja na kufuli mkononi. Alipita kati yetu bila salamu, akaenda moja kwa moja kwenye mfereji, akauzungusha. Maji yakamrukia hadi kifuani. Akashtuka, akachungulia barabarani huku na huku.

"Nani anakuja?" akauliza.

"Hakuna anayekuja," Khairunisa akamwambia. "Wako hapa tayari. Huyo anayesuuza vikombe ni Waziri, umpishe kidogo. Hebu kaa, ule."

Afisa akalitia kufuli lake mfukoni. Akaketi, akaivuta sahani, akaniuliza mimi kama chapati ziko moto.

"Mheshimiwa," nikamjibu, "suala la chapati liko katika hatua za..."

"Wakhungu," Khairunisa akaita kutoka jikoni.

"Ziko moto," nikasema.