Kompyuta Chini ya Ulinzi wa Baba

Jumatatu, 16 Machi 1998

Mvua tangu alfajiri. Lakini nina kompyuta! Mimi, Elisha, wa kwanza mtaani. Mwalimu Godwin amehamishiwa Tabora na hakutaka kuibeba. Nimempa cherehani ya mke wangu. Mali kwa mali. Soko huria! Redio inatuhimiza kila siku.

Sasa Jotham atanitambua. Anakaa pale sokoni na taipu yake kama hakimu, watu wamepanga foleni kuchapiwa barua. Mwaka jana nilimwomba tushirikiane. Akasema mbele ya wateja kwamba vidole vyangu ni vya kuchimbia viazi. Viazi!

Tatizo dogo. Kompyuta ni ya zamani, haikumbuki kitu. Kila ikiwashwa inadai flopi yenye programu, na flopi za Mwalimu zimeota ukungu kwa unyevu wa Tukuyu. 

Tatizo lingine. Ikupa anarudi kesho kutoka kwao Kisiba na hajui habari ya cherehani yake. Ameahidi kushona sare za kwaya ya akina mama kabla ya Pasaka. Biashara ikishika kasi nitamnunulia cherehani tatu. Lakini wanawake hawana subira.

Jumanne, 17 Machi

Nimepata dawa! Nimemleta Baba kutoka Matwebe.

Hesabu yenyewe hii. Cherehani ilikuwa sebuleni. Kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe wake: haingii alipo, hamtazami, hata kivuli chake anakikwepa. Wakristo wengi siku hizi wamelegeza. Ikupa hajalegeza hata kidogo, amelelewa na bibi yake. Basi Baba akikaa sebuleni, Ikupa haingii sebuleni. Hakuna kufuli linalomfikia Baba.

Ikupa amefika jioni, akaambiwa mkwe yupo, akazungukia jikoni. Ameniomba nimtolee cherehani. Nimesema Baba ametundika koti lake bichi juu ya cherehani, siwezi kumsumbua mzee. Amenitazama sana. Lakini heshima ni heshima.

Ijumaa, 20 Machi

Mbeya kwa Fred, tuliyesoma naye, sasa fundi wa kompyuta ofisini kwa watu. Anazo programu zote za kale, amezihifadhi kwenye mashine yake kubwa. Amejigamba nusu saa. Anasema kila flopi nzima ameifungasha ndani ya faili moja, na faili hilo halinakiliwi hivihivi. Kuna programu maalumu ya kulifungua na kuliandika upya juu ya flopi tupu, mwanzo hadi mwisho, ili flopi mpya iwe sawasawa na ile ya zamani. Nimeitikia kwa kichwa.

Bosi wake akamwita. Nimsubiri hadi lini? Nikanakili mwenyewe. Faili lipo, flopi ipo, tia humo, toka! Wasomi wanapenda kukuza mambo ili tuwaogope.

Jumamosi, 21 Machi

Haikuwaka. Imeandika kwamba flopi hii haiwezi kuiamsha. Nimejaribu tena na tena. Nimeigonga ubavuni. Bure.

Fred ameniuzia mbuzi kwenye gunia! (Flopi alinipa bure, lakini hilo si hoja.)

Baba ndiye anayeniudhi zaidi. Anadhani ni televisheni. Kila jioni anajifunika blanketi, anakaa mbele yake kusubiri taarifa ya habari. Amesema mwanangu, chombo chako kimezira. Ikupa anamletea ndizi na maharage, anaweka sahani nje ya mlango, anabisha, anakimbia. Baba anashukuru, ndaga, ndaga, na ananenepa. Mimi nagawiwa viporo.

Leo Ikupa ameuliza hilo koti linakauka lini.

Jumatatu, 23 Machi

Mbeya tena. Fred amecheka mpaka ameshika meza. Anasema nilichobeba ni mzigo ambao haujafunguliwa, kompyuta ingeamshwaje nao? Ameandika flopi mbele yangu kwa ile programu yake, dakika chache tu, mashine ikikoroma. Kumbe rahisi! Kwa nini hakusema vizuri tangu mwanzo?

Jumanne, 24 Machi

Imewaka! Nimetia flopi, ikakoroma, maandishi ya kijani yakapanda, halafu ikapiga mlio mmoja mkali.

Hapo ndipo dunia ilipoharibika. Baba alikuwa amesinzia, kichwa amekiegemeza kwenye kompyuta. Ule mlio uliingia sikioni moja kwa moja. Akaangusha kigoda, akaanguka nacho, akapiga yowe kwamba anauawa. Ikupa akasikia akiwa jikoni. Kuingia hawezi. Lakini kina mama wa kwaya walikuwa uani wamekuja kuulizia sare, na wao si wakamwana wa Baba! Wakavamia wote, Mama Tulinagwe, kiongozi wao, akiwa mbele. Hili sikulipigia hesabu.

Wamemwinua Baba. Wamempa maji. Kisha Mama Tulinagwe akatazama kona zote na kuuliza cherehani iko wapi. Nikasema kwa fundi. Baba, ambaye hajui kusema uongo hata wa kumfaa mwanawe, akasema tangu afike hajaona cherehani, ameona televisheni hii tu isiyo na picha.

Kisha sauti ya Ikupa kutoka upande wa pili wa ukuta. Alimwomba Mama Tulinagwe anifikishie kwamba kabla ya Pasaka, ama cherehani inarudi, ama yeye anarudi Kisiba moja kwa moja. Mama Tulinagwe akaurudia ujumbe neno kwa neno, kana kwamba mimi ni kiziwi. Sauti ya Ikupa ilikuwa ikitetemeka. Iliniuma.

Lakini aibu yote hii, siku ileile niliyofaulu! Hakuna hata mmoja aliyetazama maandishi.

Alhamisi, 26 Machi

Cherehani iko kwa nani? Jotham! Mwalimu Godwin alimwachia kabla ya kusafiri. Nimekwenda kwa unyenyekevu mkubwa. Hataki kingine ila kompyuta. Wateja wamesikia. Mmoja amekohoa kwa makusudi.

Nimempa. Cherehani imerudi, iko jikoni. Ikupa ameipangusa mafuta, hakunitazama.

Ila flopi sikumpa! Hakuziulizia, kichwa maji. Kompyuta bila flopi ni sanduku la kutagia kuku. Nimezificha darini juu ya moto, panapokaushwa mahindi, zisiote ukungu. Atakuja kwa magoti.

Jumatatu, 30 Machi

Hakuja. Alikwenda kwa Fred! Na Fred, msaliti, amemwandikia flopi mpya kutoka mafaili yaleyale. Anasema hata watu mia wakija atawaandikia, faili haliishi. Nilidhani programu ni yangu!

Nimepanda darini. Flopi zangu zimejikunja kama majani ya mgomba.

Sare zinakamilika. Jikoni cherehani inalia kutwa. Ikupa haendi Kisiba, nashukuru Mungu. Ila bado ananisemesha kupitia ukuta, ingawa mimi si baba mkwe wake.

Lakini leo nimepita sokoni. Jotham amekaa mbele ya maandishi ya kijani, wateja wanangoja, na hakuna barua inayotoka. Hana printa! Nimecheka peke yangu njia nzima.

Printa iko Isongole, kwa Meshaki. Anataka ng'ombe mmoja tu. Na Baba ana mtamba mzuri kule Matwebe.

Nimemsihi Baba asiondoke mapema. Nimemwambia baridi ya Matwebe haifai kwa kifua chake, na kwamba televisheni iko kwa fundi, huenda wiki hii ikarudi na picha.