Gesti ya Usiku Mmoja

Jumatatu, 8 Julai

Simu ya dada Rampha kutoka Bangkok, hata uso sijanawa. Anakuja Jumamosi kwa treni, yeye na mama. Atapita mlango kwa mlango. Akikuta vyumba vitupu kama alivyovikuta mwaka jana, anaiuza gesti kwa tajiri wa matairi, naye ataibomoa ajenge bohari. Akakata simu. Hakuuliza mimi nitalala wapi. Nimekaa chumba namba moja tangu nilipotoka jeshini. Sina kwingine.

Wateja nitawatoa wapi? Alasiri treni inawatapika, wamechoka, wananuka jasho, wanauliza basi la bandarini linaondoka saa ngapi. Saa mbili asubuhi, nawajibu. Wanalala, wanaondoka. Hakuna binadamu aliyewahi kuja mji huu. Watu wanaupitia tu. Leo nina Wajerumani wawili na mchuuzi wa viatu, basi.

Halafu huyu Bunloet! Ni mume wa dada, ametangulizwa ili, eti, anisaidie. Kafika na sanduku la magurudumu na viatu vinavyong'aa. Alipitisha kidole juu ya kaunta, akakitazama kidole, kisha akanitazama mimi. Nilitamani anitukane, yaishe. Bi Nuan, mpishi wetu ambaye pia ndiye mfagiaji, tayari amempa kipande cha samaki kilichokuwa changu.

Lakini nina mpango. Kama hawataki kubaki, watabakishwa.

Jumanne, 9 Julai

Mpango umekufa.

Ulianza vizuri sana. Wageni wakiwa kwenye uji niliingia nimekunja uso, nikatangaza kwamba daraja la njia ya bandarini limekatika, hakuna basi leo, labda hata kesho. Wajerumani wakashusha mabegi yao. Mchuuzi wa viatu akarudi kulala. Nikaenda jikoni kujipongeza kwa kikombe cha kahawa.

Saa mbili kamili basi likapiga honi mlangoni. Si mbali, mlangoni! Dereva akaingia kuomba chai, akashangaa kusikia daraja alilolivuka muda si mrefu halipo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ina kituo cha basi.

Wajerumani hawakugomba, walinitazama tu kwa huruma, na huruma ndiyo iliyoniuma. Bunloet akawaomba radhi kwa niaba yangu, akawabebea mabegi hadi kwenye basi, akawapungia mkono. Mchuuzi wa viatu ameahidi akirudi atamuulizia yeye kwa jina. Kwa jina! Mimi nimemlaza mtu huyo mara zisizo idadi, na mpaka leo ananiita wewe.

Alhamisi, 11 Julai

Mwandiko mbaya leo. Naandika kwa hasira.

Bunloet ametengeneza bomba la kuogea la namba saba. Wageni wote nimekuwa nikiwaambia kwamba bomba lile hutoa maji baridi kwa sababu za kiafya. Yeye akalifungua, akatoa kijiwe, akalifunga. Maji ya moto. Mwalimu mmoja wa kike, wa kupita tu kama wote, akaoga, akatoka uso umemng'aa, akasema atalala usiku wa pili. Wa pili! Haijapata kutokea. Nilipaswa kufurahi. Nilikwenda kukaa nyuma ya tangi la maji peke yangu mpaka mbu wakanifukuza.

Nikajaribu ukoo. Niliwaalika binamu zangu waje kulala bure Jumamosi, wajifanye wageni. Walikubali upesi mno. Kisha masharti yakaanza. Binamu Chuai anataka chumba chenye feni. Mkewe anataka chakula cha jioni, na kiwe samaki. Mjomba aliuliza kama aje na jogoo wake wa kupigana, kwani jogoo akiachwa peke yake hunyong'onyea. Nikafuta mwaliko. Sasa ukoo mzima umeninunia na vyumba bado vitupu.

Amebaki Babu. Babu ndiye mzimu mlinzi wa stesheni, ana kibanda chake cha ibada kando ya ngazi, hakosi ubani wala soda nyekundu yenye mrija. Mji mzima unamwekea nadhiri. Akikutimizia unamlipa ulichoahidi, tena usilete ujanja. Wengi huahidi mayai ya kuchemsha, sinia kwa sinia. Mayai yamepanda bei. Nikatafuta cha bure. Nikapiga magoti, nikasema kwa sauti, maana Babu ni mzee na treni zina kelele, kwamba akivijaza vyumba vyote siku ya Jumamosi, mimi Thawin nitanyoa kichwa na kuingia utawa.

Utawa haugharimu kitu, na chakula wanakupa. Tena watu huingia kwa siku moja tu, kwenye misiba. Asubuhi unavaa joho, jioni unalivua, umemaliza. Nywele zangu zenyewe zimebaki za kubembeleza.

Nilipogeuka nikamkuta Bi Nuan nyuma yangu na shada lake la maua. Akasema nimefanya jambo jema sana. Sikupenda alivyolisema.

Jumamosi, 13 Julai

Mvua tangu jana, haikati. Asubuhi dereva wa basi akapiga simu: daraja limekatika. Kweli kweli!

Nikakimbilia ukumbini kutangaza. Hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye uji. Yule mwalimu akaniambia kwa upole kwamba hadithi ile ameshasimuliwa. Nikaapa kwa jina la mama yangu. Wakavaa mabegi, wakaenda kusimama kituoni, mvua inawapiga, na mimi nawaangalia dirishani nikiwa msema kweli asiye na msikilizaji. Ni upweke mbaya, sikuwahi kuujua.

Walirudi wamelowa chapachapa. Alasiri treni ikaleta wengine, nao hawana pa kwenda. Namba mbili ikajaa, tano ikajaa, tisa yenye harufu ikajaa. Watu wakatandika ukumbini. Mmoja yuko juu ya kaunta. Bunloet anagawa taulo kavu huku anaimba.

Dada akashuka kwenye treni amemshika mama mkono. Mama amezidi kuwa mdogo, magoti yamemwisha, kila ngazi anaipumzikia. Dada akabisha kila mlango, na kila mlango ulijibu. Aliporudi macho yamemtoka. Akasema gesti haiuzwi. Akanishika bega, mbele ya watu, akasema huenda alinidharau.

Nimeshinda! Nilikwenda kulia kidogo bafuni, namba saba, kwenye maji ya moto. Mama amelala chumbani kwangu. Mimi niko stoo na magunia ya mchele, na sijali.

Jumapili, 14 Julai

Ole wangu.

Tulikuwa mezani. Dada anamwaga sifa, mimi nazipokea kwa unyenyekevu. Bi Nuan akaweka bakuli la uji mbele ya mama, akasema kwamba wa kushukuriwa ni Babu, na akaeleza. Joho, kichwa, magoti, neno kwa neno. Mwanamke huyu hakumbuki kutia chumvi kwenye mchuzi, lakini nadhiri ya mtu anaikariri.

Mama akaweka kijiko chini.

Niseme wazi kinachonitesa. Kila mama huku hungoja mwanawe wa kiume amvalie joho, maana pindo la joho hilo ndilo atakaloshika siku ya kupanda mbinguni. Mama ana mwana wa kiume mmoja, ndiye mimi. Nilipokuwa kijana nilisingizia pumu. Baadaye jeshi. Baadaye wageni wengi, katika gesti isiyo na wageni. Mama aliacha kuuliza zamani.

Leo aliuliza neno moja tu: "Lini?"

Nikasema hata kesho, kwa siku moja. Dada akacheka, akadhani natania. Jumapili ijayo watawa wanaanza msimu wa mvua, miezi mitatu hawahami hekaluni, na nani anaingia utawa wiki hii kwa siku moja? Nikasema nadhiri yangu ilikuwa ya siku moja. Wakamgeukia Bi Nuan.

"Siku moja haikutajwa," akasema. "Mimi sikuisikia, na Babu naye hakuisikia. Labda ulimnong'oneza treni."

Nikafungua kinywa kubisha. Nikamwona mama. Alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga, anatabasamu, uso mzima umekuwa wa msichana. Nikafunga kinywa. Miezi mitatu!

Jumatano, 17 Julai

Mdomo umekiponza kichwa, na safari hii si methali. Mama alikata kishungi cha kwanza, dada cha pili, ukoo ulioninunia ukaja wote kumalizia, na mjomba alikuja na jogoo. Kisha wakanyoa nyusi. Nilikuwa nimezisahau nyusi! Nilijitazama kwenye sinia la shaba nikaona yai.

Waliandamana nami kwa ngoma hadi hekaluni, wanacheza. Bunloet alilia kuliko wote. Mlangoni dada akanipa habari njema. Nisiwe na wasiwasi juu ya gesti, Bunloet ameacha kazi yake ya bima, ataiendesha yeye mpaka nitoke. Ameshaagiza magodoro mapya. Ameshang'oa kaunta ya zamani.

"Shemeji, nenda kwa amani," Bunloet akaniambia. "Nitaitunza kama yangu."

Hilo ndilo ninaloliogopa.

Jumanne, 23 Julai

Siku ya tatu ya msimu. Naandika nimejificha nyuma ya mnara wa kengele. Njaa. Baada ya saa sita mchana hatuli kitu, na saa sita ya hapa inakuja mapema kuliko ya mjini. Chumba changu hakina feni. Kina mjusi, naye ana majirani. Asubuhi tukienda kupokea chakula tunapita mbele ya gesti. Leo nimeona nguo za wageni zimeanikwa. Nguo zilezile za jana! Watu wanabaki! Yule mchuuzi wa viatu alikuwa barazani anakunywa chai na Bunloet kama ndugu. Alipiga magoti akaweka wali kwenye bakuli langu. Hakunitambua.

Mkuu wa hekalu ametufundisha sheria sisi watawa wapya. Katika msimu huu mtawa haruhusiwi kulala nje, isipokuwa kwa sababu maalumu, na hapo hupewa siku saba. Mzazi akiwa mgonjwa, kwa mfano.

Mzazi akiwa mgonjwa!

Mama, ambaye amebaki gesti chumbani kwangu, huja kila siku kabla ya chakula, anakaa ukumbini na wazee wenzake, anaongea kuliko wote. Leo nilimwita pembeni, watu wote wakituona, nikamweleza taratibu. Si ugonjwa mkubwa. Mgongo ungefaa, mgongo hakuna awezaye kuuchungulia. Siku saba zingenitosha kumrudisha Bunloet kwenye bima yake.

Mama akakusanya viganja, akaniinamia, mimi mwanawe, niliyemdanganya pumu.

"Mheshimiwa mwanangu," akasema, "ukitaka niumwe, nitaumwa. Ila tangu uvae hilo joho nimeanza kupata usingizi. Na magoti haya, umeona? Leo nimekuja kwa miguu."

Akaondoka. Nilimtazama akivuka uwanja, polepole, bila fimbo, hakusimama kupumzika hata mara moja. Chakula hakikushuka, na ndicho chakula pekee cha siku. Sijawahi kujiona mtu wa hovyo kiasi hiki. Nilikaa hapa nyuma ya mnara muda mrefu, nikalia, na mtawa asiye na nyusi akilia, jasho nalo linamwingia machoni.

Basi nimeamua, na nimeamua kabisa. Mama hataumwa. Atalala usingizi wake. Kuna mambo mtu hafanyi.

Nimerudi kwa mkuu wa hekalu nikamwomba anifundishe upya sheria ile, nisije nikaivunja kwa kutojua. Amefurahi, amesema nina bidii. Siku saba hutolewa pia jengo la hekalu likianguka, mtawa aende mjini kutafuta mbao na mabati.

Nimezunguka kutazama. Paa la banda la kuni linashikiliwa na nguzo moja iliyooza na mazoea. Mvua ipo. Upepo upo. Ninachohitaji ni msumeno mdogo, na ninajua pa kuupata: kwenye stoo ya gesti, nyuma ya magunia ya mchele. Kesho tukipita na mabakuli nitamwomba Bunloet aniletee.