Mkia wa Kochi

Jumapili, tarehe 4 Mei

Nimechoka. Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Ukutani kuna utepe mpya, wa bluu. Wa shemeji tena! Shemeji ni kaka wa mke wangu, daktari wa meno. Ana farasi wa Kihispania mwenye shingo ya maringo, na kila mwezi anashinda mashindano ya madaha. Haya ni mashindano ambayo farasi haruki wala hafukuzani na mtu. Anatembea, anakwenda mchakamchaka, anazunguka, anasimama tuli, na jaji anatoa alama. Mpandaji anatakiwa aonekane hafanyi kazi yoyote. Nikajisemea, hiyo ndiyo fani yangu.

Tepe zake zimepangwa juu ya kochi. Kochi nililotengeneza mimi, bure, kwa mikono hii! Miaka yote ya ufundi wa makochi sijawahi kuitwa jina mbele za watu, ila siku moja gari langu lilipoziba lango la harusi.

Nataka utepe mmoja pale ukutani. Mmoja tu, hata wa rangi mbaya. Nimemwambia mke kwamba nanunua farasi. Ameendelea kukunja mashuka.

Jumanne, tarehe 6 Mei

Nimeazima kitabu cha mbegu za farasi. Nimekisoma kutwa badala ya kushona. Wa Kiarabu: mzuri, lakini damu moto, na mimi kiuno kibovu. Wa Kijerumani: bei ya nyumba. Wa Kiandalusia, yule wa Hispania kama wa shemeji: nyumba na kiwanja chake. Kuna wa milimani, mfupi, mwenye nywele za dhahabu, bei nafuu. Huyo miguu yangu itaburuzika chini.

Nimemwendea mwalimu wa klabu ya kupanda farasi, mama mwenye sauti iliyokwaruzwa na vumbi. Akasema mbegu haipewi alama hata moja. Kwa umri wangu na kiuno changu, akasema, nitafute farasi mzee, mtulivu, mwenye kwato nzima, asiyeshtuka ovyo. Mengine yatafundishika.

Nimemshukuru kwa heshima zote. Ni wazi shemeji ameshamhonga.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Nimepata! Muuza mikate wa mtaani ameacha mkokoteni, kanunua gari. Farasi wake hana kazi. Tumekubaliana nimshonee viti vya hilo gari, naye anipe farasi. Ni wa kijivu, mpana, macho ya mtu aliyesubiri sana kwenye foleni. Muuzaji ni mwaminifu: akaniambia mnyama huyu amezoea mitaa, watu na kengele. Safi kabisa. Makofi hayatamshtua.

Kasoro moja tu, mkia. Umesuguliwa na mkokoteni hadi umebaki vinywele vitatu vinavyosalimiana kwa mbali.

Nimempa jina la Jemadari. Klabuni nimesema ni Mwandalusia kwa upande wa mama. Shemeji akatazama zile kwato pana, akanitazama mimi, akauliza habari za upande wa baba. Nikamjibu kwamba hiyo ni siri ya familia.

Mke alipomwona akamwita Babu na kumkumbatia shingo. Kumbe wanajuana! Alikuwa akisimama langoni kwetu kila asubuhi. Mimi asubuhi huwa nimelala. Nimemkataza mke asimwite Babu mbele za watu, maana ataniharibia mipango.

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Mazoezi. Kiuno, jamani!

Uwanja una vigingi pembeni, kila kimoja na herufi yake, ili mpandaji ajue pa kugeukia. Jemadari akafika kigingi cha kwanza, akasimama. Akageuza shingo, akasubiri. Nikampiga visigino, wapi! Nikabembeleza, nikamwita majina ya wafalme. Miguu minne sawia, kama kabati. Alipoona hatoki mtu akasogea hadi kigingi cha pili. Akasimama.

Mwalimu akauliza farasi huyu alikuwa na kazi gani kabla. Nikasema maonyesho. Akanikumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nimwambie ukweli anisaidie. Nikasema maradhi yote yako kwenye kiuno.

Mke alikuwa ameniletea chai. Akampigapiga farasi begani, akamwambia twende Babu, hapa leo hawachukui. Akaenda! Akapita vigingi viwili bila kusimama. Bahati tu. Wanawake wana bahati na wanyama.

Jumatano, tarehe 14 Mei

Shida si mazoezi. Shida ni sura. Jaji akiona damu bora atatoa alama bora, mwalimu aseme atakavyo. Kwa hiyo: mkia.

Na Mungu hamtupi mja wake! Mama mkwe ameleta lile kochi nibadilishe kitambaa. Nimelifungua. Ndani limejaa nywele za farasi, halisi, nilizozijaza mwenyewe zamani nilipokuwa bado na imani na wakwe. Nimezichomoa, nimezichana, nimezinyoosha kwa pasi, nimezishona kwenye mkanda. Mkia umetoka mweusi, mzito, unafika kwenye vifundo vya miguu. Nimekaa nikautazama. Machozi yalinilenga.

Kochi nimelijaza magazeti na matambara. Juu kitambaa kipya, cha maua. Limependeza. Anayelitazama hawezi kujua kitu, mradi asilikalie.

Jumamosi, tarehe 17 Mei

Sina hamu ya kuandika.

Tuliingia uwanja wa mashindano vizuri. Watu walinong'ona juu ya mkia. Tukafika katikati, tukasimama, nikamwinamia jaji. Jemadari alisimama kama sanamu. Nikamwona mama mkwe mstari wa mbele akinyoosha shingo. Kwa dakika ile nilikuwa mtu.

Kisha vigingi. Cha kwanza: akasimama, akageuza shingo, akasubiri mteja. Mpandaji akikosea, jaji hupiga kengele. Akaipiga. Na muuza mikate, akishamaliza kuuza langoni, alikuwa akifanya nini ili farasi aende? Alikuwa akipiga kengele. Jemadari akaenda papo hapo, kwa utii mkubwa, hadi kigingi cha pili. Akasimama. Jaji akapiga kengele. Cha tatu. Kengele. Kosa la tatu unatolewa nje, ndiyo kanuni. Lakini mwambie hayo farasi ambaye mtaa wake haujaisha! Tulizunguka vigingi vyote. Hakuacha nyumba.

Kwenye kigingi cha mwisho nzi akamtua mgongoni. Jemadari akautikisa ule mkia kwa nguvu. Ukachomoka, ukaruka, ukamwangukia mama mkwe mapajani. Akaushika. Akaunusa. Akanitazama, akaukunja, akaondoka nao.

Jaji akaniambia kwamba katika kazi yake yote hajaona farasi anayesimama vizuri namna hii. Alama tisa kati ya kumi kwa kusimama. Kwa mengine, hakupata pa kuzianzia.

Shemeji alishinda. Hakunicheka. Alinishikia farasi nishuke, akaniuliza kiuno kinaendeleaje. Bora angecheka.

Jumapili, tarehe 18 Mei

Nimelala hadi mchana. Jioni tukaenda klabuni. Nimemwambia mke Jemadari nauza, mbegu yake haina madaha. Mke akasema badala ya kumuuza nimpe yeye. Nimempa papo hapo, mbele ya mwalimu. Mzigo umenitoka! Mke amemwambia mwalimu habari zote za mikate. Mwalimu amecheka hadi akakaa chini, kisha wakaanza kazi.

Kochi limerudishwa kwa mama mkwe. Nimemwomba asilikalie mpaka gundi ikauke vizuri. Nimesema wiki tatu.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Jana mke kashindana. Na Babu, kwa jina hilohilo, limetangazwa kwenye spika! Kabla ya kila kigingi alimnong'oneza kitu. Najua ni kitu gani. Hapa hawachukui, Babu. Na Babu akapita, mpole, masikio mbele, kama mzee anayekwenda kupokea pensheni. Palipotakiwa kusimama alisimama hadi watu wakaacha kupumua. Jaji alimkata mke alama kwa kuongea na farasi. Bado akawa wa tatu.

Wakaita jina lake, wakapiga makofi. Wakaita na mwenye farasi. Nikainuka. Nikakumbuka mwenye farasi ni yeye. Nikajifanya nanyoosha kiuno. Niliumia, siwezi kusema uongo hapa. Nilifurahi pia, lakini kuumia kulitangulia.

Leo chakula cha mchana kwa mama mkwe. Utepe wa mke ameupachika katikati kabisa, juu ya zile za shemeji. Wa njano. Nimeutazama sana. Kisha mama mkwe akasema wiki tatu zimekwisha, akakaa kwenye kochi. Likazama naye hadi sakafuni. Magazeti yakalia ndani. Kutoka huko chini akasema, bila kupandisha sauti, kwamba nywele zake anazo, amezifua, ziko kabatini. Kazi yangu ni kuzirudisha zilikotoka. Shemeji na mimi tukamwinua, kila mtu mkono wake.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nimewaza sana, na nimelijua kosa langu. Niliharakisha. Sikuchagua mbegu vizuri.

Nimepata mwingine! Muuza kuni wa nje ya mji anaye, tumeshakubaliana, nitamshonea magodoro. Bei rahisi kabisa. Mwembamba, kwato ndogo nzuri, hajawahi kuuza mkate maishani. Muuzaji anaapa kwamba ana damu ya jangwani. Sauti anayo kubwa, nimeisikia mwenyewe nikiwa bado barabarani. Masikio ni marefu kidogo. Muuzaji anasema ni dalili ya usikivu.

Mkia ndio haba. Lakini leo asubuhi mama mkwe ameleta kochi karakanani, na mfuko wa nywele safi juu yake.