Sensa, Wembe na Miwani

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nimeelewa: nakufa. Mwaka jana pia nilikufa, ikashindikana. Safari hii naandika kila kitu, maana aliye mlangoni pa kaburi hana sababu ya kudanganya.

Basi niungame. Leo gari langu limebomoa geti la jirani. Si mimi. Gari! Nilikanyaga mafuta taratibu, kama mtu anayekanyaga yai, likaruka. Jirani alikuwa nyuma ya geti anapiga mswaki. Amemeza povu lote.

Binti yangu anasema mguu wangu uliteleza. Mumewe, ambaye namwita Bwana Nilisema, amesema alisema. Ufunguo wamenipokonya. Ufunguo wangu! Uko mfukoni mwa Bwana Nilisema, unalia kila anapopita sebuleni. Anapita makusudi.

Jumanne, 4 Machi

Nimefundisha fizikia hadi nikastaafu. Nishindwe na gari? Nimewaeleza mezani kwamba kwenye injini kuna sensa ya throto, kidude kinachoipasha injini habari kwamba mafuta yamekanyagwa kiasi gani. Kikiharibika kinapeleka uongo. Mguu unanong'ona, chenyewe kinapiga yowe, gari linaruka. Bwana Nilisema akauliza kama ndicho hicho kilichotia chumvi kwenye chai yangu asubuhi. Binti yangu akacheka. Damu yangu mwenyewe!

Mwishowe binti amekubali. Fundi anakuja keshokutwa. Sensa ikiwa mbovu, ufunguo unarudi kwangu. Ikiwa nzima, nitaendeshwa na Bwana Nilisema mpaka kaburini.

Jumatano, 5 Machi

Wasiwasi umeniingia. Je, sensa ikiwa nzima?

Binti yuko kazini. Mkwe kalala kwenye kochi, gazeti usoni. Mlango wa dereva haufungiki tangu tulipogonga geti, kwa hiyo kuvuta kitasa cha boneti hakuhitaji ufunguo. Nikachukua wembe wa kunyolea. Kuinua boneti peke yake kulinipa kizunguzungu. Nikakata waya mmoja wa sensa, baada ya kuukosa na kuukosa tena.

Wanafunzi wangu niliwaandikisha: njia ya mwongo ni fupi. Ndiyo maana nimeichagua. Miguu yangu haiwezi safari ndefu.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Fundi ni mwanamke, wanamwita Mama Spana, na huanza kujisifu kabla hajashuka kwenye pikipiki. Akatangaza kwamba gari halijazaliwa la kumdanganya yeye. Akainua boneti. Akauliza nani kakata waya huu.

Nikasema labda panya.

Akaingiza mkono, akatoa kitu juu ya betri, akakiinua wote wakione. Akauliza: panya huyu anavaa miwani?

Miwani yangu! Nilitaka kufa papo hapo. Ikashindikana tena.

Binti yangu hakufoka. Alisema tu, kwa sauti ya chini: Baba, hata wewe? Afadhali angefoka. Bwana Nilisema hakusema neno, mara ya kwanza tangu harusi. Aliuchezesha tu ufunguo mfukoni.

Kumbe Mama Spana haachi kazi njiani. Akaunga waya, akawasha swichi bila kuwasha injini, akachomeka mita yake ya umeme. Akaanza kuifungua throto, kile kilango cha hewa ya injini, kwa kidole, polepole, akinieleza kwamba mshale wa mita unapaswa kupanda kwa utaratibu kama mtu anayepanda ngazi. Mshale ukapanda. Ukapanda. Ukaporomoka! Kisha ukaruka juu. Akarudia, ukaanguka palepale.

Akasema sensa imelika ndani, tena zamani. Akanigeukia: pole, mzee, mguu wako hauna kosa.

Nikakaa chini kwenye sakafu ya saruji. Sina hatia! Nimeghushi ushahidi wa jambo la kweli!

Binti yangu akasema kama ningekaa kimya tu, saa hizi ningekuwa na ufunguo mkononi. Sasa, kwa kuwa nimeacha miwani juu ya betri nisiione, Jumatatu nipimwe macho kwanza pale zahanati. Nikifaulu, ufunguo wangu. Nikifeli, basi tena.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejifunza. Mwongo hukamatwa mchana kweupe. Naandika haya kwa moyo mweupe wa mtu anayeaga dunia.

Leo Bwana Nilisema kanipeleka zahanati kuchukua dawa za moyo. Sensa mpya, gari linateleza kama siagi, nami nimekaa kiti cha abiria kama kifurushi! Yeye alibaki kulisifia gari kwa mlinzi. Mpima macho alikwenda kunywa chai. Chumba wazi. Nikaingia, nikaukariri ubao wote wa herufi, hata zile za chini zinazofanana na sisimizi. Sasa nazisoma bila kukosea hata nikifumba macho. Nikifumba ndiyo nasoma vizuri zaidi.

Macho yangu ni mazima, bila shaka. Lakini kwa nini ukweli uachiwe kazi yote peke yake?

Nilitaka kuyapitia haya niliyoandika kabla sijalala, ila miwani siioni. Nakumbuka nilikuwa nayo pale chini ya ubao.