Malalamiko Kuhusu Kurekebishwa kwa Filamu ya "Ghorofa ya Tatu"

Kwa Shemeji yangu,
Mpiga Picha za Harusi na Mtengenezaji wa Filamu Moja.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kompyuta yako. Sisi hatujambo, isipokuwa kwa habari uliyotuletea mezani Jumapili: kwamba unakusanya nakala zote za "Ghorofa ya Tatu" uzivunje, kisha utoe mpya iliyosafishwa. Ulisema umechoka kuchekwa. Ulisema hivyo ukiitazama sahani, na hukuongeza chakula.

Dada yako, ambaye ni mke wangu, amenituma niandike. Nimeripoti kesi za mahakamani miaka ishirini na sita, hivyo nitafuata utaratibu. Kwa kumbukumbu: filamu ilipigwa kwa siku tisa, kwa kamera ya harusi. Inamhusu fundi bomba aliyeitwa kuziba bomba linalovuja ghorofa ya tatu, na hafiki. Ilipotoka, gazeti letu liliipa mistari mitatu, na mistari hiyo niliiandika mimi. Nilisema ni filamu ya kuchekesha isiyochekesha. Nilikuwa nimeitazama peke yangu.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Jengo. Lile ulilotumia lina ghorofa mbili. Fundi anapanda ngazi zilezile mara sita, na kila mara anaipita ndoo ileile nyekundu. Pale saluni tunapokutana kila Jumamosi mchana kuitazama filamu yako, watu thelathini hivi, wengine wakiwa chini ya mashine za kukaushia nywele, ndoo ikitokea wote tunaiamkia. Sasa unatafuta jengo la ghorofa tatu. Fundi akishafika, sisi twende wapi?

2. Maikrofoni. Inaning'inia juu ya vichwa vya watu mara kumi na moja. Nimehesabu. Msusi mwenye saluni anashikilia ni mara kumi na mbili, na hatusemezani vizuri. Ukiifuta, kesi hii haitaamuliwa hadi kiama.

3. Mume. Katikati ya filamu yule fundi, ambaye ni fundi bomba kweli, alipata kazi mji mwingine akaondoka. Ukamweka kaka yake, anayemzidi kichwa kizima, ukamvika shati lilelile likaishia kitovuni. Aliyecheza mkewe hakuwa ameambiwa. Alimtazama kuanzia viatu, akapanda naye hadi juu, akasema, "Mume wangu, kazi ya bomba imekukubali." Sasa fundi amerudi na unataka kumfuta kaka mtu. Amekukosea nini, zaidi ya urefu?

4. Mama mkwe wangu, yaani mama yako mzazi. Alicheza mwenye nyumba, akisoma maneno uliyombandikia nyuma ya mlango. Aliyasoma yote, pamoja na maelekezo ya mwigizaji: "Toka nyumbani kwangu. Anakasirika." Tangu siku hiyo, mtu akipandisha sauti kwetu, aliye karibu husema taratibu, "Anakasirika," na ugomvi unaishia hapo. Nina miaka kumi na tisa ya ndoa na sitaki kujua ingekuwaje bila neno hilo. Ukilifuta nikaachika, nitahamia kwako, na mimi nakoroma.

5. Cheti. Hapa ndipo penye mzizi wa fitina. Tumearifiwa kwamba ulihudhuria mafunzo ya wiki tatu ya kuhariri picha, na kwamba ulifaulu. Familia haikushirikishwa.

Shemeji, nirudi kwenye hilo la kuchekwa. Kusikiliza watu ndiyo kazi yangu. Kwenye kiti cha mbele pale saluni hukaa mfamasia aliyefiwa na mumewe mwaka jana. Hajakosa Jumamosi hata moja. Nilimuuliza anaona nini katika filamu ile. Alinijibu bila kugeuka: "Kila kitu kinamharibikia na bado anapanda. Hebu ninyamazie, ndoo inakuja." Nimenukuu kama alivyosema. Hakukutaja wewe wala hakukucheka. Lakini ngazi anapanda nani, kama si wewe na kamera yako, kwa siku tisa, bila ghorofa?

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Cheti kirudishwe kwa waliokitoa. Usahau ulichofundishwa, ukianza na wiki ya tatu, ambayo nasikia ndiyo mbaya zaidi. Usionekane karibu na jengo lolote linalozidi ghorofa mbili, hata kama una mgonjwa humo. Na nakala zote zilizosalia zitangazwe kuwa mali ya ukoo, zihifadhiwe kwa mama, ambaye hana mashine ya kuzichezea na hivyo hawezi kuzikwaruza.

Nisalimie mkeo na watoto, jirani anayekuazima taa, na kaka mrefu, umwambie tuko upande wake. Mimi ni shemeji yako, kwa niaba ya ukoo na wateja wa saluni,

Mwandishi wa Mahakamani.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha dada yako aliporudi kutoka kwako na sehemu ya kwanza uliyoirekebisha. Tumeitazama. Fundi anapanda ghorofa tatu za kweli, anabisha, na anayefungua si mwigizaji wako bali mpangaji wa jengo lile, ambaye anamwambia, "Afadhali umekuja, nakungoja tangu Jumatatu." Fundi anaingia, anaweka mfuko chini, na kwa dakika nne tunaona mgongo wake akitengeneza bomba la watu. Sauti yako inasikika kwa mbali ikimkumbusha kuhusu filamu, naye anakujibu, "Subiri kidogo, huyu ana shida kweli." Mke wangu imebidi aketi sakafuni kwa kicheko. Nayaondoa malalamiko yote matano. Rekebisha filamu nzima, na cheti hicho kitie fremu.